Prosesa ya Kazi, Prosesa ya Gemu

Kuna watu watakuambia kompyuta ni chombo tu, haina moyo wala chuki na mtu. Hao hawakuijua yetu. Yetu ilinichukia mimi, tena mimi peke yangu, na ushahidi nilikuwa nao.

Nikiwa zamu kule Winson Green, kwenye makao ya wazee ninakofanya kazi, mume wangu aliketi nayo sebuleni na ikamtii kwa kila kitu. Nikirudi, nivue koti, nivute kiti, nifungue kazi yangu, robo saa haiishi: feni inaanza kunguruma, picha zinarukaruka, kishale kwenye kioo kinakataa kusogea, halafu kila kitu kinasimama tuli. Naizima. Naiwasha. Robo saa nyingine, mambo ni yaleyale.

"Asubuhi ilikuwa inatembea muzuri," mume wangu alisema, kwa ile sauti yake ya upole inayoniudhi kuliko kelele.

"Kwa hiyo shida ni mimi?"

"Sijasema ni weye."

"Hujasema, lakini umefikiria!"

Yeye ni Mkongo wa Bukavu, mimi ni Mkenya wa Nakuru. Tulikutana kanisani hapahapa Birmingham, na Kiswahili chake na changu vilichukua muda kuzoeana, kama tulivyochukua muda sisi wenyewe. Tunakaa Saltley, kwenye nyumba iliyobanwa na nyumba nyingine kulia na kushoto, sebule ndogo, mlango unafungukia barabarani. Kompyuta ilikuwa moja, ile ya mezani yenye sanduku kubwa linalosimama wima, na watu wawili tulikuwa tukiigombania.

Mimi niliitumia kwa kazi yangu ya pili. Nakata na kuunganisha video: harusi, ubatizo, mazishi, chochote ambacho watu wetu wanataka kutuma nyumbani. Mtu wa Castle Vale ananiletea saa sita za harusi ya binti yake, anataka nimrudishie saa moja na nusu, na kila shangazi aonekane akicheza. Yeye aliitumia kwa gemu. Na gemu yenyewe si ya bunduki wala mpira. Ni ya kuendesha malori.

Baba wa mume wangu na ndugu zake wawili alikuwa dereva wa lori. Vita vikawatawanya wana: mkubwa yuko Kampala, mdogo yuko Montréal, wa katikati ndiye huyu wangu. Miaka mingi hawajakaa chumba kimoja. Lakini kila Jumamosi alasiri walipanga malori yao matatu kwenye barabara za kuigiza za Ulaya, wakaendesha pamoja saa mbili nzima huku wakipiga soga. Nani ameoa, nani anaumwa, baba alikuwa akipiga honi namna gani akikaribia nyumbani. Kwa hiyo nilijua si mchezo wa kitoto. Nilijua vizuri kabisa. Ila mtu akishakasirika, anayoyajua huyaweka kando.

Na hasira yangu ilikuwa na sababu. Mama yangu alifariki nikiwa huku, wakati pasipoti yangu iko kwa watu wa uhamiaji pamoja na ombi langu la kuongezewa viza. Nilipiga simu mpaka sauti ikanikauka. Jibu lilikuwa lilelile: ukitoka nchini, ombi lako limekwisha. Basi mama yangu nikamzika kwenye kompyuta. Binamu yangu alishika simu kule makaburini, picha ikaja moja kwa moja mpaka sebuleni kwangu, wanawake wa kanisa wamejaa kwenye makochi na sakafuni, wengine wamesimama jikoni. Jeneza likaanza kushuka. Picha ikaganda. Iliporudi, watu walikuwa tayari wanatupa udongo.

Sikumwona mama akishuka.

Baadaye ndugu zangu walinitumia kila walichorekodi, simu saba kwa jumla, nyingine zimeshikwa kichwa chini. Nikawaambia wajomba, mbele ya ukoo wote kwenye simu, kwamba nitaziunganisha zote niwe na filamu moja ya mama: maisha yake, watu wake, na siku yake ya mwisho. Ionyeshwe kwenye ibada ya kumbukumbu mwaka ukitimia, kwenye ukuta wa kanisa lake. Sikumwosha, sikumvalisha, sikumsindikiza. Hilo moja nilitaka kumfanyia, na tarehe ya ibada ilikuwa imeshapangwa, na mashine ikagoma.

Sasa niseme habari ya kitambaa, maana kimo katika hadithi hii.

Nyumbani kwa mama hakuna kitu kilichokaa uchi. Redio ilivaa kitambaa, televisheni ilivaa, makochi yalivaa migongoni na mikononi, hata mtungi wa maji ulikuwa na kofia yake. Vyote amefuma mwenyewe kwa sindano moja. Siku ya safari yangu alinipa kimoja kikubwa, cheupe, chenye ua katikati, na kwa ndani ameshonea bitana ya satini ili vumbi lisipite. Akasema, "Hiki ni cha TV yako ya Ulaya." Mama hakujua TV za siku hizi ni nyembamba kama sinia, hazina kichwa cha kuvishwa kitu. Kikakaa sandukuni miaka. Siku ya mazishi, wageni walipoondoka, nilikitoa nikaivisha ile kompyuta, kichwa na mabega mpaka mgongoni, ua likakaa mbele. Ndiyo iliyomleta mama kwangu mara ya mwisho, na sikuona kitu kingine ndani ya nyumba kilichostahili.

Wiki chache baadaye niliingia nikamkuta mume wangu amekishika, anakikunja.

"Unafanya nini?"

"Chérie, mupenzi, hii machine iko na joto, na hii ni kitambaa tu, tunaweza..."

Hapo nilimkatiza. Kitambaa tu? Ala! Sikumbuki yote niliyosema siku ile, na ninayoyakumbuka sipendi kuyaandika. Najua nilimwambia yeye ana ndugu zake kila Jumamosi, mimi nina hicho. Kisha nikalia mpaka nikashikwa na kwikwi. Yeye alikirudisha juu ya sanduku, akalinyoosha ua kwa vidole viwili, na sikumwona akikigusa tena.

Ibada ikiwa imebaki miezi michache, nilitangaza vita. Nikasema prosesa imezeeka. Kwa asiyejua, prosesa ni kile kipande kidogo ndani ya sanduku kinachofanya fikra zote. Ikichoka hiyo, umekwisha. Mume wangu hakubisha. Alisema tu, "Bon, sawa, tutatafuta ingine," akatoa daftari la mraba, akaanza kuchora mistari.

Tukabaki na mbili. Zote za kampuni moja, zote zinaingia kwenye ubao uleule ulio ndani ya kompyuta yetu, na bei zake zimepishana kidogo. Moja nikaiita ya gemu, nyingine ya kazi. Ya kazi ilikuwa na viini kumi na sita, yaani vichwa kumi na sita vinavyofikiri kwa pamoja. Ya gemu ilikuwa na nane tu, lakini pembeni yake imewekewa ghala kubwa la kumbukumbu ya haraka. Nilimweleza rafiki yangu wa kanisani hivi: kuunganisha video ni kama kumenya viazi vya harusi. Mkiwa wanawake wanane mtamaliza jioni, mkiwa kumi na sita mtamaliza mchana. Gemu haitaki wamenyaji wengi. Gemu inataka mpishi mmoja mwepesi ambaye chumvi, mafuta na pilipili viko mbele yake, asizunguke jikoni akivitafuta.

Kwangu hesabu ilikuwa imekwisha hapo. Nina viazi vya kumenya, nipe watu kumi na sita.

Kwake haikwisha. Wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu, daftari liko wazi mezani. Anasoma, anatazama watu wakizipima kwenye mtandao, anaandika. Alikuwa na safu ya gemu, safu ya kazi, na safu ya tatu ameiandika JOTO na kuipigia mistari miwili chini. Ukurasa mwingine ulikuwa na safu mbili tu za namba, moja imeandikwa juu yake avec na nyingine sans. Sikuuliza. Kifaransa chake nimemwachia yeye na Mungu wake.

"Hii ya kazi inakula umeme mingi," alisema. "Inachemka kama chungu ya bugali. Ile ya gemu iko baridi."

"Baridi nitaifanyia nini? Niko Birmingham, baridi ninayo ya kutosha!"

Na kweli, siku za baridi kali nilikuwa nikiingiza viganja vyangu chini ya kitambaa cha mama kujipasha moto kabla ya kuanza kazi. Nilikuwa nikisema, angalau mashine hii ina faida moja.

"Kwa video ya gemu itakawia kidogo," akaendelea, "lakini itafika."

"Sema tu unataka malori yako yapite vizuri."

Alinitazama, akafunga daftari. Mimi nikahesabu kwamba nimeshinda. Mtu akinyamaza baada ya kuambiwa ukweli, si ameshindwa? Ndivyo nilivyofikiri wakati huo, na nilikuwa na uhakika kabisa.

Nikaagiza ya kazi. Niliagiza mwenyewe, kwa simu yangu, nikiwa nimekaa ndani ya basi, nikamwambia ikiwa imeshalipiwa. Aliipokea mlangoni, akaligeuza lile boksi dogo mkononi, akasema, "Bon." Kesho yake akaja na feni mpya ambayo hakuna aliyemtuma, kubwa kupita kiasi, nusura sanduku lisifungike. Nikamuuliza hiyo ni ya nini. Akasema ni ya kuchukua tahadhari.

Alinifungia ile prosesa asubuhi moja nikiwa zamu. Niliporudi akaniambia ameipima saa tatu mfululizo na imetembea vizuri sana. Nilifurahi, haki ya Mungu. Niliinua mikono kama niko kanisani. Nikaketi, nikafungua filamu ya mama, nikabonyeza ianze kuunganisha, nikaenda kuweka chai. Chai haijachemka, nikasikia sebuleni kumekuwa kimya ghafla. Nikarudi. Kioo cheusi. Ile ya zamani ilikuwa ikiganda; hii mpya ilijizima kabisa!

Sitasimulia wiki zilizofuata zote kwa sababu zilifanana. Nabonyeza, inatembea kidogo, inapungua kasi mpaka inakuwa kama inatambaa, inajizima. Nakata filamu vipande vidogovidogo, vipande vingine vinapita, vingine vinakataa. Kazi za watu nikawa nazirudisha, namwambia yule wa Castle Vale anitafutie siku nyingine, anakasirika, na mimi nakasirika kwamba amekasirika. Nyumbani wananiuliza kwenye kundi la simu, "Filamu ya mama imefikia wapi?" Nawajibu, "Iko mwishoni." Mwishoni mwa nini, sijui.

Na Jumamosi zake nazo zikafa. Mara ya mwisho kuendesha, nilikuwa naye sebuleni, napiga pasi. Picha ikaganda akiwa kwenye kona, ikarudi lori liko kwenye mtaro, magurudumu juu. Ndugu zake wakacheka kwenye spika.

"Weye, umeingia tena mu mutaro?" alisema yule wa Kampala.

"Baba angekupiga," akasema yule wa Montréal.

Naye akacheka nao, akawaaga. Akaniambia, "Fanya kazi yako kwanza, mama yako asingoje." Jumamosi iliyofuata hakuendesha. Wala ile nyingine. Mpaka siku moja kaka yake mkubwa akanipigia mimi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akaniuliza kwa heshima, "Shemeji, ndugu yetu ametukasirikia?" Nikamwambia hapana, ni kompyuta. Aliitika, lakini nikasikia kwenye sauti yake kwamba haamini. Nani ataamini kwamba mtu ameacha kuongea na ndugu zake kwa sababu ya kompyuta?

Ibada ikabaki siku tano. Ilikuwa Jumatatu, nimerudi zamu mgongo unaniuma, nikaibonyeza, ikajizima mbele ya macho yangu hata sijavua viatu. Mume wangu alikuwa mlangoni anajiandaa kwenda kazini, kwenye bohari anakopakia mizigo. Nikamgeukia.

"Umefanya makusudi!"

"Nimefanya nini?"

"Umeifunga vibaya makusudi, kwa sababu sikununua ile yako ya gemu. Ikiwa mikononi mwako inafanya kazi, ikiwa mikononi mwangu inakufa. Mimi si mjinga!"

Nilimwambia hivyo mume wangu. Mtu aliyeacha ndugu zake watatu wiki baada ya wiki, samahani, wawili, yeye ndiye wa tatu. Hata leo nikikumbuka maneno yale nachanganyikiwa. Hakupandisha sauti. Alisema, "Hapana, bibi yangu," akafunga zipu ya koti, akaenda.

Kesho yake nilikitoa kitambaa, nikakiacha juu ya kochi, nikalipakia sanduku kwenye kikapu changu cha magurudumu cha sokoni, nikalifunga na shuka, nikalisukuma mpaka Alum Rock Road. Pale kuna fundi mmoja mwenye duka jembamba kati ya muuza vitambaa vya harusi na muuza kuku, miwani iko kwenye paji la uso wakati wote. Nikamweleza kila kitu kwa Kiingereza cha hasira. Nikamwambia mume wangu aliifunga vibaya. Yeye aliiweka juu ya meza, akaiunganisha, akaniambia nifungue hiyo kazi inayoiua.

Nikaifungua. Nikabonyeza. Tukasimama wote wawili tukitazama ule mstari wa kijani ukijaa. Robo. Nusu. Feni haikunguruma hata kidogo. Nilitaka kulia kwa hasira. Nikamwambia, "Unaona? Inanichukia mimi!"

Fundi akacheka, kisha akafungua ubavu wa sanduku, akatazama. Akasema aliyeifunga prosesa hii ni mtu makini, dawa ya kupitisha joto imepakwa sawasawa, na feni amechagua nzuri. Kisha akachukua koleo ndogo, akachomoa kitu kwenye tundu za juu na za nyuma, akakiweka kiganjani mwangu. Vilikuwa vinyweleo vya uzi wa pamba, vyeupe, vimeviringana. Akasema mashine hii haina ugonjwa wowote. Inakosa hewa, inachemka, inapunguza kasi ili isiungue, ikishindwa inajizima. Akaniuliza nyumbani inakaa wapi. Ndani ya kabati? Imefunikwa na kitu?

"Hapana," nikasema.

Nilimdanganya mtu asiyenijua, ambaye hakutaka hata malipo. Nikafunga shuka langu, nikaondoka. Barabara yote ile nilisukuma kikapu bila kumwona mtu, na ile pamba bado iko kwenye kiganja, nimeifumbata.

Nilipofika, mume wangu alikuwa ameamka, anakula wali wa jana kabla ya zamu. Kitambaa cha mama nilikuwa nimekiacha kimetupwa tu juu ya kochi. Sasa kilikuwa kimekunjwa vizuri, ua juu. Nikasimama mbele yake, nikafungua kiganja.

Aliitazama ile pamba. Akaweka kijiko chini.

"Ulijua," nikasema.

"Minajua tangu mwanzo."

"Na ndiyo maana ikawa inafanya kazi nikiwa sipo."

"Ukienda kazi minaitoa ile kitambaa. Mbele ya weye kurudi, minairudisha."

"Ua mbele."

"Ua mbele," akasema.

Nikamwambia angenieleza! Nilipiga hata kelele, maana hasira ilikuwa imezoea kutoka na haikujua njia nyingine. Miezi yote ile, prosesa mpya, feni, ndugu zake wanadhani amewanunia, mimi namwita mhaini sebuleni kwake, na yeye amekaa kimya na jibu mfukoni! Akaningoja nimalize.

"Nilikuambia mara moja," akasema. "Ulilia vile nilikuwa sijaona mutu analia. Ningerudi nikuambie nini? Nikuambie umutoe mama yako? Mie?"

Nikavuta lile daftari la mraba lililokuwa pembeni ya sahani yake, nikalifungua ule ukurasa wa safu mbili, kwa sababu nilihitaji kutazama kitu kingine kisicho uso wake. Safu ya avec namba zake zilikuwa kubwa, nyingine amezizungushia wino mwekundu. Safu ya sans namba zilikuwa ndogo. Siku baada ya siku, mstari chini ya mstari.

"Hii ni nini? Avec nini?"

"Ni joto yake. Avec mama, na mama juu," akasema, akiweka kidole kwenye safu ya kwanza. Akakisogeza. "Na hii, sans mama, bila mama."

Nikaketi.

"Ile ya gemu haichemki sana," akaendelea polepole, kama anayeniomba radhi. "Nilihesabu. Ingefanya kazi na mama juu yake. Ingekawia, lakini ingefika, na weye haungetoa kitu. Njo maana nilikuwa nabishana. Haikuwa juu ya malori."

Niliona haya mpaka masikio yakaniwaka. Nimesema maneno makali maishani, nina mdomo, sikatai, na mara nyingi nimekuwa sahihi. Siku ile nilikuwa nimekosea tangu mwanzo mpaka mwisho, na kila mtu aliyekuwa karibu nami alikuwa amelipa. Nilimwomba msamaha. Nilimwomba vibaya, maneno yamekatikakatika, na yeye akasema, "Ilishaisha, chérie," akaniwekea wali kwenye sahani yake mwenyewe, akaangalia saa, akakimbilia basi.

Niliirudisha kompyuta mezani, uchi. Ilionekana kama kitu cha mtu mwingine, sanduku jeusi tu lenye vitundu. Siku ya pili yake ilikuwa mapumziko yetu wote wawili. Nikabonyeza, nikasimama nikaenda kusonga ugali, na kabla sijauepua mume wangu akaniita. Filamu ilikuwa imekwisha. Wote kumi na sita wamemenya viazi vyao na kunawa mikono.

Tuliitazama pamoja. Kuna kipande nilichokiweka bila kukiangalia hata mara moja, nilikuwa nakipima kwa sauti tu, macho nimeyapeleka dirishani. Simu ya binamu mwingine, aliyesimama upande wa pili wa kaburi. Siku hiyo nilikitazama. Mama alishuka taratibu, kamba zimenyooka, wajomba wameinama, hakuna kilichoganda, hakuna kilichoruka, mpaka chini kabisa. Nililia, lakini si kwa kwikwi. Jumamosi wakaionyesha ukutani mwa kanisa lake, na mjomba mkubwa akanipigia simu baada ya ibada akaniambia neno moja, "Tumeona," akashindwa kuendelea.

Saa hiyohiyo nilimpigia shemeji yangu wa Kampala. Nikamwambia ndugu yenu hakuwakasirikia, mkosaji ni mimi, washeni malori. Alicheka sana, akaniambia, "Sawa, shemeji, leo tunakupeleka mbali."

Mume wangu alivuta kiti, akavaa vile vya masikioni. Kabla hajaketi nilichukua kitambaa cha mama nikakitandika kwenye mgongo wa kiti chake, ua likakaa katikati, mahali vitambaa vya mama vilikokaa siku zote nyumbani kwetu. Aliketi, akawasha injini, malori matatu yakatoka yamefuatana. Nikawa napiga pasi nikimtazama. Nusu saa ikapita, saa ikapita, barabara haina doa, anabishana na ndugu zake kuhusu honi ya baba. Na yeye muda wote ameketi ukingoni mwa kiti, mgongo umenyooka, hagusi nyuma, jasho linamtoka shingoni.

"Egemea," nikamwambia.

Akaondoa kimoja sikioni. "Itachafuka."

"Egemea bwana, ni kitambaa tu."

Akageuka akanitazama, aone kama nimesema kweli. Kisha akaegemea.